Gauni la Harusi la Bibi Limenigomea

Mafundi wa humu, msinicheke. Leo gauni limenishinda.

Nilikuta karatasi za vipimo zilizokatiwa gauni la harusi la Bibi, enzi za Mwingereza, hapa hapa Maji ya Chai. Kola ya mviringo, mikono ya puto. Siku hizi nani anashona hivyo?

Nikasema Jumapili nalivaa kanisani.

Leo nimemaliza kulishona. Nalivaa, linakwama mabegani.

Nikafumua, nikaachia mishono yote. Wapi!

Nimelia, jamani. Nikalitupa kitandani.

Binti yangu, yuko darasa la saba, akalivaa kwa utani. Likamkaa kama alipimwa yeye.

Nikamwita Bibi.

“Shikamoo Bibi. Hizi karatasi, aliyekata hakukosea vipimo?”

Bibi akamtazama mtoto kuanzia kola mpaka kwenye pindo.

“Hakukosea. Nilikuwa hivyo hivyo.”

Mtoto anazunguka tu mbele ya kioo, sketi inajaa upepo. Nikamwambia avue, tena haraka.

Bibi akanishika mkono.

“Mwache azunguke kidogo. Hata mimi nilifurahi, mpaka walipokuja kunichukua.”

Niambieni, mafundi. Hapo mtu anarekebisha wapi?