Fundi Aliyeliwasha Lori la Kutuhamisha

Watu wa hapa kijijini wakimtaja marehemu mume wangu, Antipasi, husema alikuwa fundi. Wakishasema hivyo wananyamaza, na mimi najua wananyamazia nini. Basi nitaeleza mwenyewe, maana nilikuwepo, na hasira yangu haijaisha.

Ufundi aliupata Singida mjini, kwenye gereji ya Bhagwanji. Aliingia pale kama mfagiaji mwaka wa uhuru, akatoka baada ya miaka kumi akiwa na uwezo wa kufumba macho, kusikiliza gari, na kukuambia linaumwa wapi. Bhagwanji alipofunga gereji na kuhamia kwa ndugu zake, Antipasi alirudi kwao, bondeni nyuma ya Kinyangiri, na sanduku lake la spana. Magari hayakuwepo kule. Alilima uwele na mtama kama wenzake, lakini gari likipita barabara ya mbali aliacha jembe akatega sikio. Nilikuwa namtania kwamba angeoa injini kama injini ingejua kusonga ugali. Alicheka tu, wala hakukataa.

Mwaka sabini na nne ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi wa bondeni tulipangiwa kijiji kipya kando ya barabara ya Iguguno, mahali penye vigingi na namba za viwanja, bila nyumba hata moja. Sikuwa na ugomvi na ujamaa. Kusaidiana tulikujua kabla hatujaambiwa. Ugomvi wangu ulikuwa uwele. Ulikuwa umeshatoa masuke, umebakiza wiki tatu uvunwe, na ghalani tulikuwa tumebakiwa na cha kukwangua. Kuhama kabla ya mavuno kulikuwa ni kuuacha mwaka mzima wa chakula kwa ndege na ng'ombe.

Ndipo lori la operesheni ya kuhamisha watu likafia karibu na kwetu. Lilivuka kijito kilichojaa, maji yakaingia kwenye distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi. Dereva akakifungua, akakikausha, akakirudisha bila alama yoyote, kama mtu anayefunika chungu. Kila walipozungusha hendeli ya kuwashia ilirudi kinyume na kuwapiga mikono. Mwishowe walifunga maksai wakalikokota hadi uani kwetu, maana waliambiwa hapo yupo fundi.

Kiongozi wao aliitwa Bwana Laurenti, mtu wa maneno laini. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo ya heshima kabisa, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Fundi, tutengenezee hili gari. Kaya yako nitaihamisha ya mwisho. Mtavuna kwanza, halafu mtakuja taratibu."

Nilimwita mume wangu nyuma ya nyumba. Jirani yetu Raheli alikuwa ameshafika, ana watoto watano na mume mgonjwa.

"Baba Lea," nikamwambia, "waambie limekufa. Wiki tatu tu. Wakileta fundi kutoka mjini, shauri yao."

"Mzee ametoa neno lake mbele ya mama."

"Na sisi wengine, shemeji?" Raheli akauliza. "Sisi ametupa neno gani?"

"Nitamwomba awasubiri na ninyi."

Hakumwomba. Nilikuwepo uani mchana kutwa, sikumsikia akiomba. Na kusema kweli, sidhani kama ile ahadi ndiyo iliyomvuta. Niliiona mikono yake ilivyokuwa inatafuta spana wakati Laurenti bado anaongea. Injini iliyofungwa vibaya ilimuuma, na hata ingekuwa imekuja kumchukua yeye kumpeleka jela, angeitengeneza kwanza.

Alifungua plagi ya kwanza, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akamwambia dereva azungushe hendeli polepole. Upepo uliposukuma kidole, alijua pistoni inapanda. Akainama kwenye puli, lile gurudumu dogo mbele ya injini, akalinganisha alama. Kisha akaomba pakiti ya sigara ya Laurenti, na sigara hakuvuta maishani mwake. Akachana ukanda wa karatasi nyembamba, akaubana katikati ya pointi, vile vyuma viwili ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana. Alizungusha distributa kidogo kidogo huku akiuvuta ule ukanda kwa vidole viwili. Ulipoachia ukateleza, akasimama hapohapo, akakaza nati. Alisema hapo ndipo moto unaporuka.

Liliwaka mara moja. Akapanda nalo kilimani, akarudi, akasema moto unawahi kidogo, injini inagonga. Akarekebisha kwa unywele, akapanda tena. Safari ya tatu lilipanda likiwa limetulia kabisa. Dereva alimshika mkono. Laurenti alisema hajaona fundi kama huyu hata Manyoni kwenye reli. Mume wangu alitabasamu siku nzima, na Raheli alipita uani akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi yake lori lilisimama mlangoni kwetu. Kwetu, kabla ya kwa mtu mwingine yeyote.

Antipasi alitoka akidhani limeharibika tena. Laurenti akamwambia, na hakuonyesha aibu yoyote, "Fundi, nimefikiri upya. Mtu kama wewe hawezi kuachwa nyuma huku. Gari likisumbua tutakutafuta wapi? Lazima ukae kule lilipo."

"Ulisema tutavuna, mzee."

"Serikali itawapa chakula."

Walimpakia mama mkwe na kuku wake, vyungu, jembe, milango miwili. Wiki ile ile walimaliza bonde zima, kwa kuwa lori halikusumbua hata siku moja. Nilirudi kwa miguu baada ya siku kumi kuona kama kuna cha kuokota. Uwele ulikuwa umelalia chini, umekanyagwa, na masuke yaliyobaki hayakujaza hata ungo.

Chakula cha serikali kilifika mwezi wa nane, mahindi ya njano, juu ya lori lile lile. Mume wa Raheli tulikuwa tumeshamzika. Watu walipanga mstari, Antipasi akiwa katikati na beseni letu. Raheli aligeuka akamwambia mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, nenda mbele. Wewe si ndiye wa kwanza siku zote?"

Mume wangu alitoka kwenye mstari, akatembea hadi mwisho kabisa, akasimama nyuma ya watoto. Zamu yake ilipofika magunia yalikuwa yamekung'utwa. Alirudi nyumbani jioni na beseni tupu, akanipa. Nililipokea, nikaliegemeza ukutani. Sikumpa pole.