Mkanda wa Bibi na Mkanda wa Gari

Juzi gari la jirani liliwashwa alfajiri likapiga ukelele, kisha ikaja harufu ya raba iliyoungua. Niliruka kitandani. Wenzangu, hadi leo nikisikia mlio ule moyo hunipiga paa, na nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa mtoto, gari letu kule kwetu Mabwerebwere lililia hivyo kila asubuhi. Ule utepe wa raba unaozungushwa na injini, ndio uliokuwa ukilia, mafundi wote wa Kilosa waliuita fenibelti, isipokuwa baba yangu. Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwake neno lilikuwa mkanda, hata umwamshe usingizini. Aliupaka sabuni ya mche, ukanyamaza mpaka kesho yake.

Siku hizohizo Bibi, mama yake Baba, alishikwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtambaa kutoka mgongoni kuja tumboni, na mtaa mzima ulisema jambo moja: mkanda ukizunguka kiuno ncha zikakutana, mgonjwa haponi. Bibi aliliamini hilo kuliko dawa. Hali ilipozidi tukaondoka kumpeleka hospitali Mikumi, yeye kalala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama, nami mbele na Baba.

Tulipoipita Kilangali gari likaanza kulia vibaya, taa ya betri ikawaka. Baba akasimamisha, akafungua boneti, akaumwagia mkanda maji kidogo huku injini ikinguruma. Mlio ukakata, halafu ukarudi. Akazima injini, akaupapasa mkanda wote, kisha akapaza sauti kumwita Mama.

"Mama Mwaju! Mkanda ndio basi tena! Nyufa zimezunguka, zimekutana! Mikumi hatufiki!"

Mimi nilipiga yowe. Bibi alitoa shahada kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, akaushika mkono wa Mama.

"Mkwe wangu, nisamehe. Nilimposea mwanangu mke mwingine, hapahapa Kilangali. Mwanangu mwenyewe bado sijamwambia."

Mama hakuutoa mkono.

"Najua, mama. Binti mwenyewe alikuja akaniambia. Tulia, usijichoshe."

Hapo Baba akachungulia dirishani, mikono myeusi kwa grisi, anatabasamu. "Msihofu! Mpya ninao, nimeuficha chini ya kiti!"

Ninao, siyo ninaye: mkanda, si mke. Lakini nani pale alikuwa na akili ya kusikiliza ngeli? Bibi alimkodolea macho mwanawe kama aliyeona jini. Baba akaufunga mkanda mpya kwenye injini akipiga mluzi, tukaendelea hadi Mikumi.

Bibi alipona, posa ikafa kimyakimya. Kwa miaka nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha neno moja, na watu walicheka.

Sasa nami nina mama mkwe, ndipo nimeshtuka upya. Mama alisema anajua. Basi asubuhi zote zile alipokuwa akimwosha Bibi malengelenge kwa maji ya uvuguvugu, akiyapuliza yasimchome, alikuwa anajua.