Kikohozi Nyuma ya Misemo ya Wanyama

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mikupuo mitatu, nyuma ya sauti ya msichana aliyekuwa akikisia kwa nini Waingereza husema mvua inanyesha paka na mbwa. Nilirudisha rekodi nyuma, nikakisikia tena. Nilikuwa Kasulu, katika chumba nilichopanga karibu na shule ninayofundisha, nikinukuu mahojiano ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu misemo ya Kiingereza yenye wanyama. Aliyekohoa alikuwa mama yangu, kwa sababu mahojiano yale niliyafanya nyumbani kwake Kitahana, upande wa Kibondo.

Nilitaka kujua wanafunzi wanaielewaje misemo hiyo kabla ya kufundishwa maana yake. Kwa alasiri sita za likizo, wasichana wawili wa jirani walikaa sebuleni wakimenya maharage mabichi pamoja na mama, nami nikiuliza. Mama hakujua Kiingereza, lakini nilipotafsiri hakukosa la kusema.

"Mtu akinyamaza," nasikika nikieleza, "wao humuuliza kama paka amekula ulimi wake."

"Huyo paka aletwe hapa," mama akamwambia msichana mdogo. "Wewe tangu asubuhi ulimi wako haujapumzika."

"Bibi, atashiba mpaka kesho," mwenzake akadakia.

"Na wewe, ulimi wako paka hatauweza. Tutatafuta chui."

Wakacheka wote, kisha mama akakohoa. Baada yake ikaja sauti yangu, ya upole kabisa: "Mama, samahani, ukikohoa naomba utoke nje kidogo. Rekodi inaharibika."

"Haya, mwalimu." Kigoda kikaburuzwa, mlango ukafunguliwa.

Nilikuwa nimesahau. Mwongozo wa unukuzi unataka kila sauti isiyo neno iandikwe kwenye mabano: kicheko, mlango, kuku. Hapo nilikuwa nimeandika: kikohozi, mwanamke. Kana kwamba simjui.

Tulimzika Kitahana kabla tasnifu haijapita. Ninalisema hili mapema ili msomaji asinisubirie habari njema.

Siku ile nilipokisikia kikohozi ningeweza kupiga simu. Badala yake nilisikiliza rekodi zote sita kwa mpangilio wa tarehe, kana kwamba nilihitaji ushahidi zaidi. Katika ya kwanza alikohoa mara mbili. Katika ya tatu nilimwomba atoke. Kuanzia ya nne alitoka mwenyewe bila kuambiwa, na kikohozi kilisikika kwa mbali, nyuma ya ukuta, huku mimi nikieleza kwamba Waingereza husema kuna tembo chumbani pale wote wanapoliona jambo na hakuna anayelitaja. Wasichana walidhani tembo ni mgeni mnene. Niliwasahihisha kwa urefu, kwa ufasaha ambao sasa siwezi kuusikiliza.

Zikapita siku tisa. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi ugonjwa kwenye simu. Huuliza shamba, mvua, mbuzi, na mzazi akitaka atasema. Nilijificha ndani ya adabu hiyo. Nilijiambia pia kwamba moshi wa kuni humkohoza yeyote. Sababu yenyewe sikuiandika popote: baba alianza hivyo hivyo, tukakiita mafua mpaka alipolazwa, na hakutoka.

Siku ya kumi, kati ya vipindi viwili, nilisimama nyuma ya maktaba nikapiga.

"Mwakeye, mama," nilimsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye. Wanafunzi hawajambo?"

Sikuuliza shamba. "Mama, unakohoa tangu lini?"

Kigoda kikaburuzwa upande wa pili wa simu.

"Tangu tulipopanda maharage."

Yale waliyokuwa wakiyamenya sebuleni. "Kuna damu?"

"Kidogo. Nilisema umalize kwanza shule yako."

"Mama, nilikutoa nje."

"Nilitoka mwenyewe. Pale dirishani nilikuwa nawasikia vizuri tu."

Nilisema nitafika kesho tuende hospitali. Akauliza kama mkuu wa shule ameniruhusu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, nikasema ameniruhusu. Nilingoja anikatalie, kama alivyokuwa akinikatalia kila nilipotaka kuacha kazi kwa ajili yake.

"Basi njoo, mwanangu," akasema. "Mwenyewe siwezi tena kufika barabarani."