Jerusa na King'ora cha Saa Nne

Mwaka wa tisini na sita, kiwandani kwetu Kimulot, king'ora cha saa nne kikilia kila kitu kilisimama, hata ugomvi. Ilikuwa saa ya chai. Mimi, Weldon, karani wa malori, sikuona haki kompyuta ifanye kazi wakati watu wanapumzika. Nilibonyeza Ctrl na C, vitufe vya kukatiza kazi, nikaifunika kitambaa, nikaenda zangu.

"Hiyo haina tumbo, Weldon! Wacha imalize!" Jerusa alinifokea.

Jerusa Mokaya alikuwa mpima majani ya chai aliyejifundisha kompyuta kwa kitabu cha kuazima. Skripti yake, yaani orodha ya amri alizoiandikia kompyuta, ndiyo iliyopanga lori gani liende kituo gani cha kuchukulia majani. Ikianza, iliweka faili la kufuli ili mtu mwingine asiianzishe tena, ikimaliza, ililifuta. Mimi nikiikatiza, kufuli lilibaki, na baada ya chai mashine ilikataa kazi. Malori yalichelewa, majani ya wakulima yakawa mekundu ndani ya magunia. Ikabidi Jerusa ailinde mashine kila ifikapo saa nne. Miezi miwili hakuonja chai.

Meneja akachoka. "Malori yakichelewa tena, tunarudi kwenye daftari, na wewe urudi kwa mizani."

Jerusa akaenda ofisi ya Kericho yenye kompyuta mpya, akaongeza kwenye skripti mstari mmoja wa trap, amri ya kunasa ishara: ukipata ishara ya kukatizwa, futa kufuli kwanza, ndipo utoke. Huko ulikubali. Akarudi na disketi akiimba. Mashine yetu kuukuu ikagoma. Majina ya ishara, kama INT na TERM, haikuyajua kabisa.

Nilidhani atalia. Alicheka! "Huyu mzee hajui majina. Tumuite kwa namba."

Akafuta majina, akaandika namba za ishara hizo: 1 2 15. Namba hizo mashine zote mbili zilizijua.

Kesho yake king'ora kililia meneja akiwa mlangoni.

"Weldon, katiza," Jerusa akasema.

Nikabonyeza. Tulienda kwa chai, lakini Jerusa hakugusa kikombe. Tuliporudi nikaianzisha skripti upya. Kimya kidogo, kisha printa ikaanza kunguruma, orodha ya malori ikatoka yote. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu.

Meneja mwenyewe akaenda jikoni, akarudi na kikombe.

"Imepoa kidogo, mama."

Jerusa akakaa chini, akanywa yote, akaomba kingine.