Bibi alivyokalia mkeka wa makumbusho kwa sababu ya "Pisha Mgeni"

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine habari zenu.

Naleta jambo lililonitokea mimi mwenyewe hapa Mafia. Ni kweli tupu. Chumvi kama ipo ni ya bibi yangu, maana yule akiongea hahitaji kuongezewa.

Bibi Mwanaisha ni mzaa mama, anakaa kijiji cha Kanga, na amesuka mikeka ya ukindu tangu utotoni. Mimi naolewa baada ya Idi. Akaniahidi mkeka wa nakshi aliyoachiwa na mama yake, inaitwa Pisha Mgeni.

Shida ni kwamba mkeka huo hajawahi kuumaliza.

Kila akifika katikati, mstari mwekundu unaruka. Unatoka kwenye njia yake, unasogea pembeni, halafu unaendelea zake. Bibi anasonya, anafumua. Anasuka upya vilevile alivyofundishwa, unaruka tena palepale.

Mwezi uliopita aliusukumia uvunguni akaniambia, "Nitakununulia wa plastiki. Mikono yangu imekwisha."

Mnaomjua mtu wa aina hii mtanielewa. Bibi kutamka plastiki ni kama imamu kusema leo hakuna adhana. Niliumia sana, na si kwa ajili ya harusi.

Ndipo nikasikia kuna maonesho ya sanaa Kilindoni, vitu vya Mafia vilivyochukuliwa enzi za Mdachi na sasa vimerudishwa kwa muda watu wavione. Nikamchukua bibi, nikijua anaweza kukutana na mikeka ya zamani.

Chumba cha kwanza kilikuwa na milango ya nakshi, masinia ya shaba na mabirika ya kahawa. Bibi akauzunguka mlango mmoja akasema, "Mlango bila nyumba. Haya, hodi."

Cha pili kilikuwa na sahani za Kichina, kofia za kushonwa kwa mkono na picha za wakati ule. Picha moja ilikuwa ya mwanamke amekaa chini anasuka. Chini yake pameandikwa "Msusi wa mikeka, Mafia". Basi.

"Hana jina?" bibi akaniuliza.

"Hawakuandika, bibi."

"Basi hawakumsalimia. Ukimsalimia mtu utamjua jina."

Mimi nilikuwa nishapiga selfi na ile picha. Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Tukaingia chumba cha mwisho, cha mikeka. Mingi imetundikwa ukutani, ila mmoja umetandikwa juu ya jukwaa fupi la mbao. Nakshi nyeusi na nyekundu. Sikuhitaji kuambiwa, ilikuwa Pisha Mgeni.

Kabla sijasema neno, bibi akavua ndala, akazipanga pembeni, akasema bismillahi, akapanda, akakaa.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Mlinzi akaja mbio, kaka mmoja kwa lafudhi nikamjua ni mtu wa huku kwetu.

"Shikamoo bibi. Samahani, hapo hapakaliwi."

"Marahaba mwanangu. Mkeka umetandikwa na haukaliwi?"

"Ni wa kutazama tu."

"Wa kutazama mngeuacha umekunjwa. Ukishautandika, ushakaribisha."

Watu wakacheka. Yule kaka naye alibana kicheko. Mimi nikamshika bibi mkono nimwinue, akawa mzito. Nikaona hacheki tena. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mwekundu, anaufuata taratibu kutoka pembeni kuja katikati.

Ukaruka.

Palepale unaporuka wa kwake. Ukasogea, ukaacha nafasi ndogo, ukaendelea.

"Unapisha," bibi akasema. "Jina linasema, na mimi nalitaja miaka yote. Pisha mgeni. Mstari unapisha!"

Halafu akaanza kulia. Nikadhani ni furaha, nikamwambia sasa tutaumaliza. Akatikisa kichwa.

"Mama alipougua aliacha mkeka nusu. Nikaona mstari umeruka, nikasema macho yake yamechoka. Nikafumua, nikaulazimisha ukanyooka. Nikampelekea kitandani, nikamwambia, mama, nimekurekebishia. Akaupapasa. Akaniambia, 'Haya.' Haya tu."

Mlinzi alikuwa amechuchumaa karibu, amesikia yote. Akatazama mlangoni, akasimama, akasogea pembeni.

"Kaa kidogo, bibi. Lakini kidogo kweli."

Akakaa.

Mkeka wangu umekwisha wiki hii. Mama mkwe mtarajiwa alikuja kuuona, akagusa katikati, akasema kwa adabu, "Hapa naona mkono uliteleza."

Bibi akamjibu, "Haukuteleza. Hapo ni pako wewe, mgeni. Kaa."

Nilichojifunza ni kwamba tunarithi maneno pamoja na vitu, halafu vitu tunavitunza na maneno tunayatamka bila kuyasikia. Na kabla hujamrekebishia mzee kazi yake, muulize kwanza. Huenda hajakosea.

Mwenye kitu cha nyumbani chenye jina la namna hii aniandikie hapa chini, nasoma yote.

Na kuna swali moja sijui jibu lake, naomba mnisaidie. Jana bibi ameniuliza ile "Haya" ya mama yake ilikuwa ya kumsamehe, au ya mtu aliyechoka kueleza. Nilikaa naye juu ya mkeka mpaka chai ikapoa. Aliye na mama yake hai, amuulize wa kwake, aje atuambie.