Vesta Katika Jicho la Baba

Baba alipasuliwa jicho la kulia hospitalini kule Nyankunde, nami kwa siku nyingi sikujua kama lilikuwa linaona. La kushoto bado lilikuwa na mtoto wa jicho. Kila asubuhi nilimuuliza, na kila asubuhi alijibu, "Niko naona muzuri." Jibu hilo nililizoea. Alilitoa hata kabla ya upasuaji, huku akimimina chai kando ya kikombe; na siku moja aliliamkia koti langu lililoanikwa kwenye kamba, akaliuliza habari za watoto. Alikuwa ameikimbia Djugu kwa sababu ya vita na kuacha shamba lake, akaapa kutonilemea nyumbani kwangu mtaani Rwambuzi. Lakini daktari alikuwa ameagiza: ukungu ukibaki, arudishwe upesi. Barabara ilikuwa wazi, na hakuna aliyejua itakuwa wazi hadi lini.

Wakati huo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa fizikia habari za Vesta, mwamba unaong'aa kuliko yote katika mkanda wa miamba ulio kati ya Marsi na Jupita. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita daktari mmoja wa Ujerumani aliugundua: nukta moja kati ya nyota ilihama, nyingine zikabaki. Karne mbili baadaye chombo cha angani kilitumwa kuuzunguka, kikaonyesha shimo kubwa ajabu lililochimbwa na mgongano, na katikati yake mlima unaoipita kwa urefu milima yote ya dunia yetu. Vipande vya mwamba huo vilikwisha kuangukia dunia. Watu walivishika mikononi kabla ya kujua vimetoka wapi.

Jioni moja umeme ulipokatika, nilimpa baba darubini ya macho mawili.

"Tafuta nyota tatu zilizokaa kama mafiga," nilimwambia. "Katikati yake kuna kanyota kadogo."

"Niko naona."

Sikumwamini. Wala sikumwambia kwamba kale kadogo ndiyo Vesta, nako husafiri.

Mawingu yakatuzuia siku kadhaa. Mbingu ilipotakata nilimpa tena darubini, bila kumwelekeza popote. Alitazama kwa muda mrefu, ameegemea ukuta.

"Mwalimu, ulinidanganya," akasema. "Kale kadogo haiko katikati. Imetoka inje ya mafiga, iko upande wa muti wa avoka."

Niliichukua darubini, nikatazama. Ilikuwa vilevile alivyosema.

"Papa, kumbe siku ile uliiona kweli?"

"Si nilikuambia? Siye tukisema, munataka preve, munataka ushahidi."

Nikawaza mwanga uliotoka kwenye jua, ukaupiga mwamba ule wa mbali, ukarudi na kuingia katika jicho la mkulima aliyefukuzwa kwenye shamba lake.

"Tutarudi Nyankunde kwa ajili ya la kushoto," nilisema.

"Tutarudi. Leta kwanza hiyo kitu," akajibu, akinyoosha mkono. "Bado sijamaliza kuangalia."