Baba Mkubwa Anataka Niseme Nguzo ni Kumi

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana bonde hili ni kubwa kwa mpunga na dogo kwa maneno. Nanyi wasomaji, someni mpaka mwisho kabla hamjaniita mtovu wa adabu.

Nina miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Idete. Nimemaliza darasa la kumi na mbili, na chuo kikuu kule Uganda kimenikubali nikasome hesabu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Aliyetulea mimi na mama ni baba mkubwa, kaka wa marehemu, mwalimu mkuu wa shule moja hapa Ifakara. Tunakaa uani kwake, Lipangalala, katika nyumba ya shule. Amenilisha na kunivisha, sikatai. Lakini leo namchukia, na nimechoka kujifanya simchukii.

Barua ya chuo ilifika mpunga ukiwa unatoa masuke, nami nikiwa shambani Idete, juu ya dungu, nafukuza ndege. Chuo kilitaka nieleze masomo nitakayochukua, na mlezi wangu athibitishe. Nilipanga kila kitu palepale juu, kombeo begani. Miaka ya mwanzo aljebra na jiometri, pamoja na fizikia, kwa sababu mwalimu wangu wa sekondari alinionya kwamba ukiikimbia fizikia mapema, hesabu za mwendo na nguvu zitakukimbiza mbele. Jiografia ningeitia kwa kuwa lazima masomo yatimie idadi. Baadaye hesabu tupu mpaka digrii. Ndege wakitua napiga kelele, wakiruka narudi kwenye karatasi yangu. Sijawahi kuwa na furaha kama siku zile.

Kisha nikafanya upumbavu. Kwetu jambo zito halijibiwi na mwenyewe. Barua ya posa ikija, binti hashiki kalamu, wazee ndio wanaojibu. Basi nami, msomi mzima, nikajifanya mwari. Nikaichukua barua ya chuo na karatasi ya mpango wangu, nikampelekea baba mkubwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Naomba unijibie."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo adabu."

Juzi limekuja jibu. Chuo kinasikitika kusikia kutoka kwa mlezi wangu kwamba nina kifafa tangu utotoni na siwezi kusafiri. Kama si kweli, nipeleke cheti cha daktari, na mlezi ayafute maneno yake kwa mkono wake mwenyewe, au mimi nieleze kwa nini aliyaandika. Nisipofanya hivyo katika miezi miwili, nafasi atapewa mwingine.

Sijaanguka kifafa hata siku moja. Wagonjwa wapo wengi huku kwetu na ni watu kama sisi, lakini mnajua jinsi jirani anavyokuogopa neno hilo likikushika, hata sahani moja hali nawe. Baba mkubwa alijua hivyo alipoandika. Nilikwenda hospitali, nikapimwa, cheti ninacho. Nikamfuata, nikamkuta anasahihisha madaftari.

"Baba, mimi nimeanguka lini?"

Hakuinua kichwa. "Hukuanguka. Uliniangusha mimi, mbele ya mkaguzi."

Nilikuwa nimesahau! Nilikuwa darasa la nne, yeye ndiye mwalimu wetu, na mkaguzi wa shule amekaa nyuma. Hesabu ilikuwa ya uzio. Uzio ulionyooka una urefu wa yadi mia, nguzo moja kila yadi kumi, toka mwanzo hadi mwisho. Je, nguzo ngapi? Baba mkubwa akaandika kumi. Nikanyoosha mkono nikasema ni kumi na moja, kwa sababu ile ya kwanza kabisa haikuhesabiwa. Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. Kwa hiyo mzee amelibeba jambo hilo miaka yote, akinilipia karo, akinisubiri.

"Nitayafuta maneno yale," akasema. "Lakini siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, utasimama kwenye ubao uleule uandike kumi. Useme mwalimu wako hakukosea."

"Nitawaandikia chuo mwenyewe, niwaambie ulidanganya."

"Waandikie. Habari zitawafikia wakubwa wangu, nitafukuzwa. Nyumba hii si yangu, ni ya shule. Mama yako utamlaza juu ya dungu?"

Akarudi kwenye madaftari yake. Nilitamani kuyatupa yote nje, na Mungu anisamehe, nilitamani zaidi ya hapo.

Mama nilimkuta anapepeta mchele. Alinisikiliza bila kuacha ungo. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Sema kumi uende zako. Hiyo moja ina nini?"

"Mama, hiyo moja ndiyo hesabu yenyewe."

"Na mimi je?" akaniuliza.

Najua mtasema neno la mdomoni halimtoi mtu damu, niandike kumi nikapande lori. Nilikaribia kukubali. Lakini jana nilipita nje ya darasa la nne, nikachungulia dirishani. Baba mkubwa alikuwa anafundisha hesabu ileile, uzio uleule wa yadi mia, na watoto wanaimba jibu kwa pamoja: kumi. Mkaguzi alimcheka, mimi nilimwonyesha, na bado kila mwaka anawapa watoto wa watu jibu analojua si kweli, ili tu mimi niwe nimekosea.

Kufunga shule kumebaki wiki tano. Watoto haohao watakuwa wamekaa mbele yangu, na mama atakuwa kwenye mabenchi ya nyuma na kitenge chake cha kanisani, ananitazama. Nishaurini, ndugu zangu, hasa ninyi mliolelewa na mtu mnayemchukia: nikishika ile chaki, niandike ngapi?